Kamba Hufuata Kengele

Embu ya miaka ya themanini, kamba ya kuruka ilikuwa mali ya wasichana. Wawili walishika ncha, wa tatu akaingia katikati, na wimbo ndio uliokuwa saa yao. Mvulana aliyethubutu kuingia humo alitaniwa mpaka muhula ukaisha. Sisi tulikuwa na mpira wetu wa makaratasi na nailoni. Mtu angetuambia kuna mwanamume mzima, mwenye mabega kama ya mpasua mbao, anayemaliza jioni yake akiruka kamba, tungedhani anatafuta kutuchekesha.

Kilichotugeuza ni Seoul, 1988. Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali ya uzani wa welta na kuletea Kenya dhahabu ya ndondi ya Olimpiki. Hadi leo hatujapata ya pili. Mwaka uliotangulia timu ya taifa, ile iliyoitwa Hit Squad, ilikuwa imetamba kwenye Michezo ya Afrika jijini Nairobi, kwa hivyo masikio yetu yalikuwa redioni tayari. Baada ya Wangila kila mvulana mtaani alijifunga matambara mikononi. Wachache kati yetu tukafika kwa Afande.

Afande alikuwa askari mstaafu aliyewahi kupigania kikosi chake ulingoni, na aliwafundisha vijana bila malipo nyuma ya ukumbi wa mikutano mjini. Glavu zilikuwa jozi mbili, za kupokezana. Gunia la kupiga lilijazwa vumbi la mbao. Kamba tu ndiyo iliyotosha kila mtu, na ndiyo iliyotutesa kuliko vyote.

Tulizinunua sokoni. Zilikuwa kamba za katani zilizotoka upande wa Mbeere, zimesokotwa kwa mkono, zile zile za kufungia mbuzi na kubebea kuni. Unaikanyaga katikati, unavuta ncha mbili juu, na zikifika kwapani ndicho kipimo chako. Msimu wa mvua katani ilinyonya maji ikawa nzito, na ukijikwaa ilikuchapa pajani ikaacha alama. Kiangazi ilikauka ikawa nyepesi, ikapepea badala ya kuzunguka. Miaka michache baadaye fundi mmoja wa stima alitupa mabaki ya waya wenye ganda la plastiki, tukatia vishikio vya vipande vya bomba la maji, na ghafla kamba ikaanza kuimba hewani. Mwendo uliongezeka kabla hata miguu haijajua la kufanya.

Kipimo cha Afande siku hizo kilikuwa idadi. "Elfu moja, kijana. Na nikusikie ukihesabu." Ukikwama kwenye mia saba, unarudi kwenye moja. Hesabu yake haikuwa ya kubahatisha: mizunguko miwili kwa sekunde, elfu moja inakula dakika nane na ushei, na pambano la ridhaa wakati ule lilikuwa raundi 3 za dakika 3. Kwa hivyo alidhani ametupa pambano zima kwa mkupuo mmoja.

Elfu moja tuliiweza. Ulingoni tukaishiwa pumzi katika raundi ya pili. Anayehesabu elfu hujifunza kujibana: anatafuta mwendo mmoja wa polepole usiomchosha, anaukumbatia mpaka mwisho. Bondia hana mwendo mmoja. Anarusha makonde matano kwa pupa, anazunguka, anasukumwa kambani, anarusha tena, kisha anapewa dakika moja akiwa ameketi kwenye kigoda, na katika dakika hiyo lazima moyo urudi chini. Elfu moja mfululizo haikuwa na kigoda.

Afande aliliona hilo kwenye mashindano fulani ya vikosi aliyokwenda kutazama. Aliporudi alitundika rimu kuukuu ya gari kwenye mti wa mukima, akachukua kipande cha chuma, akavua saa yake ya mkononi akaishika. Kuhesabu kukafa siku hiyo. Rimu ikilia unaruka dakika tatu, ikilia tena unatembea dakika moja, huruhusiwi kuketi wala kuinama umeshika magoti.

Wageni hawakuziweza dakika tatu, na hapo ndipo nilipoona ualimu wake. Hakuwatukana. Aliwagawia raundi vipande: nusu dakika kuruka, nusu dakika kutembea, mpaka raundi ijae. Wakizoea, dakika moja kuruka na nusu kupumzika. Kisha dakika mbili bila kusimama. Kisha tatu. Sheria yake moja ilikuwa kwamba wiki unayoongeza muda huongezi mwendo, na wiki unayoongeza mwendo huongezi muda. Aliyevunja sheria hiyo alijulikana asubuhi yake kwa kuchechemea, maana maumivu yalimkaa mbele ya mguu, kwenye muundi, na hayakutoka upesi. Kwa sababu hiyo hiyo alituondoa kwenye saruji ya veranda, akatuhamishia kwenye udongo ulioshindiliwa chini ya ule mukima.

Mbinu nyingine tulifundishwa kwa vitu vya mfukoni. Alisimamisha kiberiti kwa ubavu karibu na vidole vyako: ukiruka juu kuliko kiberiti unapoteza nguvu, kwa kuwa kamba inahitaji upenyo mdogo tu. Alikukunjia gazeti akakubana nalo kwapani, kulia na kushoto. Likianguka, maana yake unazungusha kwa mabega, na mabega ndiyo utakayoyahitaji kuinulia ngumi raundi ya tatu. Kamba huzungushwa kwa vifundo vya mikono. Unatua kwa mbele ya wayo, kisigino kikikaribia ardhi bila kuigonga, goti limelegea kidogo. Hatua ya kuhamisha uzito mguu hadi mguu ilikuja baadaye, kwa sababu aliyekuwa akiruka kwa miguu yote miwili hakupata nafasi ya kupumzisha hata mmoja. Nadhani nusu ya stamina tuliyojivunia baada ya mwaka ilikuwa jasho tulilojifunza kutolimwaga bure.

Kisha kengele yenyewe ikabadilika, na haikubadilikia Embu. Atlanta 1996 wanaume walipigana bado raundi 3 za dakika 3. Sydney 2000 zilikuwa raundi 4 za dakika 2. Ukijumlisha, dakika tisa zimekuwa nane, na mtu angesema nafuu. Miguu haikusema hivyo. Raundi fupi haina wakati wa kumsoma mpinzani. Zaidi ya hayo pointi zilikuwa zikihesabiwa kwa kompyuta, waamuzi wakibonyeza vitufe kila konde safi linapotua, kwa hivyo kila mmoja alitoka kwenye kona yake mbio akitafuta kugusa na kukimbia. Kamba ikafuata. Dakika mbili zikawa za kasi tupu: magoti juu, mzunguko maradufu wa kamba kwa ruko moja, kuvuka mikono. Waliokuwa wepesi wakapendeza macho. Waliozaliwa wazito na wastahimilivu wakaachwa nyuma.

Miaka hiyo nilikuwa nimehamishiwa Meru kufundisha shule, na jioni nikawa namsaidia kocha wa pale. Kutoka Embu unapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, unaukata mstari wa Ikweta kabla hujaingia mjini, na muda wote Mlima Kenya uko kushoto kwako. Umepanda pia. Mji wa Meru uko yapata mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa sita ya ile ya Mombasa. Mwenyeji haoni tofauti. Mgeni wa pwani akipewa kamba huiona dakika ya pili. Na Julai, ukungu ukishuka, misuli ya kigimbi huwa migumu kiasi kwamba raundi ya kwanza tulifanya ya kutembea na kamba tu, tukiizungusha pembeni bila kuiruka.

Meru pia ndiko nilikojifunza kipimo cha tatu, baada ya idadi na baada ya saa. Huku miraa ni shule na hospitali na paa la mabati. Familia nyingi zimesimama juu yake, kama vile muguka unavyosimamisha nyumba nyingi kule Mbeere. Kocha hakuitukana. Alikataza tu vijana wake kutafuna, na kwa mkaidi alikuwa na ushahidi. Nakumbuka jioni moja vijana wawili waliruka raundi sawa, kasi sawa. Kocha akaweka vidole viwili shingoni mwa kila mmoja kwa zamu, jicho kwenye saa, akahesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano. Wote walikuwa na 44, yaani 176 kwa dakika. Baada ya dakika ya kupumzika akarudia. Wa kwanza alikuwa 33. Wa pili, aliyekesha akitafuna na marafiki, alikuwa bado 42.

"Miguu yako imemaliza raundi," kocha akamwambia, "moyo wako bado unapigana. Nikikurudisha ulingoni sasa nakuonea."

Kijana hakujibu. Miraa huuharakisha moyo na kumnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, na mambo hayo yote matatu kamba huyaanika hadharani. Tangu hapo daftari letu likawa na safu mbili: mapigo mwisho wa raundi, na mapigo mwisho wa dakika. Ya pili ndiyo tuliyoitazama. Ikishuka wiki baada ya wiki, kijana anaiva, hata kama bado anajikwaa.

Mwaka 2009 raundi za wanaume zikarudi 3 za dakika 3. Kompyuta nayo ikaondolewa mwaka 2013, waamuzi wakaanza kutoa pointi kumi kwa mshindi wa raundi. Dakika ile ya tatu, tuliyoisahau, ilirudi na njaa. Tuliokuwa na kumbukumbu ya mukima wa Embu tukafufua mpango wa Afande karibu neno kwa neno. Vijana wa kasi, mabingwa wa dakika mbili, walilazimika kuanza upya na nusu dakika zao kama wageni, na baadhi walinuna.

London 2012 ikaleta jambo lingine: wanawake waliingia ulingo wa Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Elizabeth Andiego akaiwakilisha Kenya. Mwaka 2018 Christine Ongare akarudi na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast, na baadaye akaenda Tokyo. Wasichana wakaanza kubisha mlango wetu Meru. Mmoja wa wa kwanza aliniuliza, "Mwalimu, ni kamba tu?" Akaichukua, akaruka raundi nzima huku akipiga soga na mwenzake. Wavulana walisimama kutazama. Alichokuwa nacho alikipata uwanja wa shule ya msingi, kwenye mchezo ule ule tulioukimbia kwa kuogopa utani. Zamani wanawake walipigana raundi 4 za dakika 2. Tokyo walipofika, zilikuwa 3 za dakika 3 kwa wote, na kwetu saa ikawa moja, safu za daftari zikawa zile zile.

Siku hizi simu hulia badala ya rimu, na kamba huja zimefungwa kwenye plastiki, na vishikio vyenye bearing ndani. Vijana hutazama video wakajifunza mbinu za mikono kwa jioni moja. Sina ugomvi na hayo. Ila anayefika mpya huambiwa aweke simu chini, aruke nusu dakika, atembee nusu, mpaka raundi ijae. Akija kunijivunia kwamba ameruka elfu moja bila kukwama, namwambia hongera, kisha naomba shingo yake na naitazama saa. Nikitaka kujua kama yuko tayari kwa pambano, nasubiri ile dakika yake ya kupumzika iishe, nihesabu tena.