Mpe Mama Kiti

Wanawake wa Mraru, katika nchi ya Taita, walichoka kuachwa njiani na mabasi yaliyojaa. Hata mwaka 1975 wakanunua la kwao, la kuwafikisha Voi. Nikumbukapo habari hiyo, humfikiri mama mjamzito aliyesimama barabarani. Usimwite mvivu. Mwilini mwake homoni iitwayo projesteroni huongezeka tangu majuma ya kwanza: hulegeza misuli ya tumbo la uzazi ili mimba isitoke, lakini humletea mama usingizi na uchovu. Ajifunguapo, hupungua kwa ghafula, na pengine machozi humtoka asijue sababu. Umwonapo garini, ndugu yangu, inuka umpe kiti. Amechoka kwa kazi usiyoiona.