Kidole cha Mama

Mhariri ameniomba nieleze kazi yangu kwa faida ya wanafunzi. Nimekubali, ingawa habari yenyewe hainipi sifa kubwa.

Mimi ni mtoto wa Bugeshi, wilaya ya Rubavu, chini ya milima ya volkeno, karibu na mpaka wa Kongo. Kwetu tunalima viazi ulaya. Nilipotoka shuleni nilisomea uinjinia wa elektroniki, na sasa kazi yangu ni kutengeneza vioo vya simu, vile vya kugusa kwa kidole, katika nchi ya mbali.

Wengi hudhani kioo hiki husukumwa kama kitufe cha kengele. Sivyo. Hupakwa utando mwembamba sana wa oksidi ya indiamu na bati, upitishao umeme na mwanga pia. Utando huo hukatwa mistari, mingine ya wima, mingine ya kukingama. Kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme, kidole kikikaribia huvuta umeme kidogo, na chombo kilichomo ndani hupima mabadiliko hayo na kujua ni mahali gani. E. A. Johnson wa Uingereza aliandika juu ya kioo cha namna hii mwaka 1965. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Beck na Bent Stumpe wakatengeneza chao huko CERN, karibu na Geneva.

Kazi yangu hasa ni kuweka kiwango: mabadiliko kiasi gani yahesabiwe kuwa kidole. Kiwango kikiwa chini mno, hata tone la mvua huhesabiwa kidole. Kikiwa juu mno, kidole cha kweli hupuuzwa. Nasi tulikijaribu kwa vidole vyetu wenyewe, vidole laini vya watu wa ofisini.

Nilimpelekea mama simu moja kwa fahari kubwa. Baada ya siku chache akaniambia, "Mwanangu, kitu hiki hakinijui." Nikacheka, nikamwambia ajizoeze.

Tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima Nyiragongo ukalipuka. Niliposikia habari nilipiga simu nyumbani. Ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, mikono ikinitetemeka. Karibu saa sita mtoto wa jirani akapokea, akasema, "Mama yuko hapa, ni mzima." Kumbe muda wote alikuwa amesimama uani, simu inaita mkononi mwake, anaifuta na kuisugua kwa kidole, wala haimsikii. Akaniambia, "Nilijua ni wewe, mwanangu. Kioo ndicho kilichonikataa."

Sikulala usiku ule. Mama ameshika jembe zaidi ya miaka arobaini. Ngozi ya vidole vyake ni ngumu na kavu, nayo huutenga mwili na kioo kama glavu. Kiwango kilichompuuza ni cha jinsi ile ile niliyokuwa nikiweka mimi kila siku, tena kwa mshahara.

Jumatatu niliwaeleza wenzangu. Mkubwa wetu aliuliza ni nani atakayelipa muda wa majaribio mapya, na tulibishana kwa majuma mengi. Mwisho tuliruhusiwa kuwaita waashi, wapishi na wakulima waje waguse vioo vyetu. Tulijifunza kwao mambo ambayo vitabu vyetu havikutufundisha, tukatengeneza kiwango kinachojirekebisha kwa kidole cha kila mtu.

Leo mama ana simu yenye kioo hicho. Siku kavu hupokea mara moja. Siku za mvua, nazo Bugeshi si chache, bado hushindana nayo, nami bado nina kazi.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, someni hesabu na fizikia kwa bidii, kwani bila hizo singeweza kurekebisha cho chote. Lakini mtu akikuambia chombo chako hakimjui, usicheke. Mwombe akuonyeshe mkono wake.