Wiki Moja ya Kupumzika Ziwani Ngumbo

Mama mpenzi, huenda umewahi kuona picha za visiwa vya Ugiriki: nyumba zilizopakwa chokaa nyeupe, bahari ya buluu, na watu waliokaa kivulini bila haraka. Wazungu wengi huweka akiba mwaka mzima ili wakae huko wiki moja tu. Hawaendi msibani wala harusini; wanakwenda kupumzika. Kwetu safari lazima iwe na sababu. Mama akisema anakwenda kupumzika, majirani huulizana, "Kwani anaumwa?"

Sisi kina mama watano wa Mbinga mjini, wawili kati yetu wauguzi, tuliamua kwenda na watoto wetu kabla hatujaugua. Nauli ya Ugiriki hatuna. Lakini sisi tunaoishi juu kwenye baridi na kahawa tunalo Ziwa Nyasa pale chini. Tulichagua Ngumbo, kata ya wavuvi na wakulima iliyo ufukweni kati ya Liuli na Lituhi. Zamani ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Sasa imo katika Wilaya ya Nyasa, ambayo makao yake makuu ni Mbamba Bay. Haya tuliyojifunza yatamfaa mama yeyote anayetaka kupanga wiki ya namna hiyo.

Nani atapumzika?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya nauli na kabla ya mabegi. Likizo ya familia nyingi iko hivi: baba anaongea na wenzake, watoto wanaogelea, na mama amehamisha jiko lake kutoka mjini kwenda kijijini. Anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka.

Kliniki tunawaona kina mama hao. Umri ni miaka arobaini na kitu, shinikizo la damu limepanda, mgongo unauma, usingizi hauji. Wanapewa dawa na kuambiwa wapumzike. Wanaitikia kwa heshima, kisha wanarudi kwenye ndoo na kuni. Mapumziko ya mama hayaji yenyewe. Hupangwa, kama harusi inavyopangwa.

Kwa hiyo tulichukua karatasi tukaandika zamu za siku saba. Kila mama alipata siku moja ya kusimamia chakula na watoto, na siku sita za kutoulizwa "chumvi iko wapi?" Siku mbili zilizobaki walipewa watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana. Kama mnakwenda familia moja, baba naye aandikwe kwenye karatasi. Zungumza naye mapema, jioni akiwa ametulia, siyo siku ya kufunga mizigo. Wanaume wengi hawakatai. Hawajawahi kuombwa tu.

Kuna jambo la pili lililotusumbua mawazo. Je, tupumzike sisi, na mama wa Ngumbo atubebee maji? Tulikubaliana kwamba mwenyeji atakayetusaidia kupika, kuchota au kufua atalipwa, na bei itasemwa kabla ya kazi. Asante na kipande cha sabuni si mshahara. Pumziko letu lisikae juu ya mgongo wa mwanamke mwenzetu.

Kufikia ukweni

Wengi wetu tuna ndugu au wakwe huku ziwani. Ukifikia kwa mama mkwe, huwezi kunyoosha miguu huku yeye akipepeta. Na hutaki kumkosea heshima kwa kulala kwingine bila neno.

Njia iliyotufaa ni hii. Peleka salamu mapema, eleza kwamba mko wengi na hamtaki kumlemea mzee. Siku ya pili nenda ukamsalimie na zawadi zako, sukari, mafuta, kitenge, ukae kutwa nzima ukifanya kazi zote za mkamwana kwa moyo mweupe. Kisha rudi mlikofikia. Mama mkwe aliyeheshimiwa siku moja kamili hatanung'unikia siku nyingine.

Usitegemee kukuta Ngumbo hoteli ya kitalii. Nyumba za kulala wageni utazipata Mbamba Bay. Kijijini, uliza kupitia ndugu, ofisi ya serikali ya kijiji au kanisa kama kuna nyumba ya kupanga kwa wiki. Uliza mambo matatu: choo, maji ya kunywa, na kama madirisha yana wavu.

Twende lini?

Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Maembe ni mengi, lakini barabara za udongo huteleza na mbu huzidi. Kuanzia Mei hadi Agosti hakuna mvua, ila upepo wa mwera huvuma kutoka kusini na kuinua mawimbi makubwa. Wavuvi wenyewe humwogopa. Septemba na Oktoba ziwa hutulia na jua huwa kali. Kwa wenye watoto shuleni, likizo fupi ya muhula wa pili, ambayo kwa kawaida huangukia mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, inafaa sana.

Angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri gizani. Ukienda wakati wa mbalamwezi, wavuvi wengi hupumzika na dagaa huadimika. Ukienda wakati wa giza, usiku utaona taa nyingi majini kama mji uliohamia ziwani, na asubuhi utanunua dagaa wabichi mitumbwi inapofika.

Njia

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100 za lami. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66, nazo sasa ni lami. Zamani safari hii ya mteremko ilikuwa ya vumbi na maombi. Sasa unashuka kutoka milimani kwenye mashamba ya ngoro ya Wamatengo hadi ziwani, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Sweta unaivua njiani. Kutoka Mbamba Bay unafuata barabara ya ufukweni kuelekea kaskazini, kupitia Liuli. Uliza hali ya barabara siku moja kabla, na msianze safari hiyo jioni.

Beba fedha taslimu za kutosha, tochi, vyandarua, dawa zako za kila siku na kadi ya bima. Dawa ya shinikizo la damu haina likizo.

Maji matamu, maji ya tahadhari

Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Kwenye mawe watoto wanaona visamaki vya rangi ya buluu na njano. Lakini sisi wauguzi hatuwezi kukusifia maji haya tukanyamazia kichocho.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Hutoka kwa wingi zaidi mchana jua linapokuwa kali. Epuka kabisa penye matete na maji yaliyotuama. Ufukwe wazi wa mchanga una nafuu, ila usiseme ni salama. Watafiti waliochunguza upande wa Malawi wamehusisha uvuvi wa kupita kiasi wa samaki wanaokula konokono na kuongezeka kwa kichocho hata kwenye fukwe hizo. Maji ya kuogea yachemshwe, au yakae kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili.

Dawa ya kichocho ipo. Pimeni familia nzima wiki sita hadi nane baada ya kurudi, maana dawa haiui vizuri vijidudu vichanga. Mkojo wenye damu usiufiche. Na wewe mama, ujue kwamba kichocho huweza kudhuru via vya uzazi, kikaleta maumivu na damu wakati wa tendo la ndoa. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, na nyumba nyingine huingia ugomvi bure. Mwambie mhudumu wa afya kwamba umewahi kuoga ziwani.

Watoto majini wawe na mtu mzima wa zamu, asiyeongea na simu. Midomoni mwa mito msiogelee, kuna hatari ya mamba, waulizeni wenyeji. Kwenye mtumbwi kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Mtoto akipata homa, usimeze kubahatisha. Mpeleke akapimwe malaria. Liuli kuna hospitali ya Kanisa Anglikana.

Siku zenyewe

Msizijaze siku. Tulipanga matembezi mamoja tu, ya Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali la Pomonda, linalofanana na lile sanamu kubwa la Misri. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, ambayo nahodha wake hakuwa hata amesikia kwamba vita imeanza. Hapo pia amezikwa William Percival Johnson, mmisionari aliyefariki mwaka 1928 baada ya miaka mingi ya kuzunguka ziwa hili. Watoto walisikiliza historia kuliko tulivyotegemea.

Siku nyingine zilikuwa za ugali wa muhogo na samaki, usingizi wa mchana, na jioni kukaa mchangani kutazama jua likizama upande wa Malawi. Siku mbili za kwanza mikono yetu ilitafuta kazi. Tuliokota vyombo visivyo vyetu. Siku ya tatu mmoja wetu, mama wa watoto sita, alilala saa nne mfululizo mchana. Alipoamka alikuwa na wasiwasi kama mtu aliyeiba. Tulimwambia, "Dada, hakuna aliyekufa njaa." Alicheka, akalala tena.

Mama mpenzi, usingoje mwaka ambao kazi zitakwisha, maana haupo. Kama wiki nzima ni ndefu, anza na siku tatu. Chagueni tarehe, anzeni kuweka akiba kidogo kila mwezi, na andikeni zamu. Jina lako liandikwe mara moja tu.