Njia ya Kinango: Shamba, Deni na Subira

Barabara itokayo Likoni kuelekea Kinango haikosi watu wenye hamu ya shamba. Kila mwisho wa juma magari hupanda kutoka mjini yakiwa yamebeba familia, vikundi vya kina mama na vijana waliorudi kutoka kazini Ghuba, wote wakienda kutazama ardhi. Wala hilo si la ajabu. Mombasa ina desturi yake ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba akaimiliki na hata kuiuza, ilhali kiwanja kilicho chini yake ni cha mwengine, naye hukilipia kodi. Na katika ukanda wa maili kumi, ambao mkataba wa 1895 uliuacha katika milki ya Sultani wa Zanzibar huku Waingereza wakiutawala, usajili wa ardhi uliofuata sheria ya 1908 uliwafanya wengi kuwa maskwota katika mashamba waliyozaliwa. Aliyelelewa katika hali hiyo hutamani angalau kipande kimoja cha udongo ambacho hakuna atakayemwambia ahame.

Tamaa hiyo ni njema. Lakini tamaa njema nayo yaweza kumtia mtu katika deni asiloliweza, au katika haki ya mtu mwengine. Ndiyo sababu tulipoalikwa na kikundi cha kina mama 12 wa Likoni kufuatana nao kwenda kutazama shamba, tuliitikia mwaliko kwa furaha, ili wasomaji wetu nao waione njia hiyo kwa macho yetu.

Kina mama hao wameweka akiba ya shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa miaka mitatu, bila kukosa. Hazina yao ilikuwa imefika shilingi 864,000. Dalali aliwapatia habari za ekari 5 karibu na Kinango, kwa shilingi 200,000 kila ekari. Walipungukiwa na shilingi 136,000, mbali na gharama za wakili, mpima ardhi na ushuru. Dalali akataka arbuni ya shilingi 100,000 kabla ya Ijumaa, kwani, kwa maneno yake, kulikuwa na wanunuzi wengine watatu.

Basi ndani ya matatu ya kukodi mazungumzo yalikuwa ni hayo ya upungufu. Mmoja alisema wagawane, kila mtu akope kidogo kwa simu. Mwengine alijitolea kuweka bangili zake rehani. Mshika hazina, bibi wa makamo asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja tu: "Mkopo wa simu unatoza ngapi?" Akajibiwa: asilimia 7.5 kwa siku 30. Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya bahasha. Mkopo huo ukizungushwa mwaka mzima, kwa kukopa wa mwezi huu kulipia wa mwezi uliopita, ni asilimia 90. "Kwa hiyo," akasema, "aliyekopa shilingi 10,000 amelipa 9,000 za ziada, na zile 10,000 bado zadaiwa. Tena hiyo ni riba, jamaa." Gari lilinyamaza mpaka tukapita Ng'ombeni.

Baada ya Waa, mabango ya kuuza viwanja huwa mengi kando ya barabara. Bei za upande huu zimepanda, na barabara ya Dongo Kundu, ambayo sasa yamwezesha mtu kutoka Miritini hadi kusini ya Pwani pasi na kuvuka feri, imezidisha wanunuzi. Nyuma ya mabango hayo kuna minazi, na minazi ina somo lake. Kwa desturi ya Pwani, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu aweza kununua shamba kisha akaona mgeni akikwea mnazi uliomo ndani yake, na mgeni huyo akawa na haki, kwa kuwa babu yake ndiye aliyeupanda. Desturi nyengine ni ya kuweka minazi rehani: mkopeshaji hula nazi mpaka mkopaji arudishe fedha, na huenda ikapita miaka deni lisipungue hata senti. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa huingia katika mlango wa riba. Kwa hiyo anunuaye shamba lenye miti na aulize mambo mawili: ni nani aliyeipanda, na je, imewekwa rehani kwa mtu?

Kombani tulikunja kulia, tukaanza kupanda. Mji wa Kwale umekaa juu ya vilima, karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake ni baridi kuliko wa Mombasa. Hapa ndipo karatasi zinapokaa, na hapa ndipo safari nyingi za kununua shamba zingepaswa kuanzia. Kikundi kilikuwa kimepeleka ombi la upekuzi rasmi wa hati juma lililotangulia, nasi tukasimama kuchukua majibu.

Majibu yalikuwa mafupi. Shamba lipo, ukubwa wake ni ekari 8, na halina rehani ya benki. Ila jina lililo katika daftari halikuwa la muuzaji.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa faida ya atakayeifuata njia hii. Kwanza, sheria ya Kenya hairuhusu mkataba wa ardhi wa mdomo: ni lazima uandikwe, utiwe saini na ushuhudiwe. Muislamu hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Pili, shamba la kilimo likiuzwa huhitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kwa mujibu wa sheria ya 1967, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila kibali, mauzo hubatilika, na mnunuzi hubaki kudai fedha zake kama mtu aliyekopesha. Tatu, ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani, na ya mjini ni asilimia 4. Nne, ikiwa ardhi ni ya jamii, kama ilivyo sehemu kubwa ya bara ya Kwale, mtu mmoja hawezi kuiuza hata akiwa na barua ya nani: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka ridhaa ya angalau theluthi mbili ya wanajamii wazima waliosajiliwa.

Na kwa mume na mke wanaonunua pamoja kuna jambo linalosahauliwa. Wakisajiliwa kwa umiliki wa pamoja usiogawika, mmoja akifariki shamba lote humwendea aliyebaki, wala haliingii katika mirathi. Wakisajiliwa kwa mafungu, kila mmoja na fungu lake likatajwa, fungu la marehemu huwafikia warithi wake kwa mujibu wa faraidhi. Mwambieni wakili mnalolitaka kabla ya kutia saini.

Baadhi ya kina mama walitaka turudi Likoni papo hapo. Mshika hazina akasema, "Tumelipa nauli ya kwenda Kinango, twendeni tukamwone mwenye jina." Tukaendelea.

Kutoka Kwale njia hupita jirani na msitu wa Shimba Hills, wenye tembo, na upande wa kaskazini iko hifadhi ya Mwaluganje, ambako wenyeji waliyatoa mashamba yao yawe ya tembo, nao wakawa wanapata mgao wa mapato ya wageni. Mahindi na tembo hawakai pamoja. Anayetazama shamba upande huu na aulize majirani, wala asimwulize dalali, tembo hupita wapi na miezi gani. Kisha ardhi huteremka, miti hupungua, na udongo hubadilika rangi. Mvua inayonyesha vilimani haifiki Kinango kwa wingi ule. Wenyeji, walio wengi wao Waduruma, hutegemea mifugo, mihogo na malambo ya kuhifadhi maji. Ekari ya bei rahisi isiyo na maji si rahisi: ongeza bei ya lambo au ya tangi, ndipo uilinganishe na ekari nyengine.

Shamba tulilikuta likiwa zuri. Lina mwinuko mdogo, miembe mitatu mikubwa na bonde ambalo maji hukaa baada ya mvua. Chini ya mwembe mmoja alikuwa ameketi bibi kizee, na mwanamke wa makamo alikuwa akipalilia mihogo. Tulipiga hodi, tukaamkiana, tukakaribishwa maji.

"Mama, shamba hili ni la nani?" aliuliza mshika hazina kwa upole.

"La marehemu mume wangu," akajibu bibi. "Ana miaka sita kaburini, Mungu amrehemu."

Mwanamke wa mihogo aliacha jembe. Alikuwa dada wa muuzaji. Hakujua kwamba kuna wanunuzi. Alitutazama kwa muda, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Kaka yangu si mwizi, mama zangu. Auza chake. Ila chake hakijakatwa."

Muuzaji mwenyewe alifika baadaye, kijana mwenye haya, akatusimulia bila kuficha. Alinunua pikipiki kwa mkopo, pikipiki ikapata ajali, mkopo ukabaki. Alikopa hapa kulipa pale. Sasa anadaiwa na watu wanne, na kila simu ikilia moyo wake hushtuka. Deni ndilo lililomtuma kwa dalali, na deni ndilo lililotaka kuwafikisha kina mama wetu kwake. Pande zote mbili za mauzo yale zilikuwa zimeshikwa mkono na deni, wala hakuna aliyewafikiria wanawake waliokuwa wakipalilia.

Hesabu ilifanywa pale pale chini ya mwembe. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na hakuacha deni wala wasia. Mke hupata thumni, yaani ekari 1 katika zile 8. Ekari 7 zinazobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na kila binti fungu moja: kijana ekari 3.5, na kila binti ekari 1.75. Naye alikuwa akiuza 5. Ekari moja na nusu aliyokuwa akiiuza ilikuwa ya mama yake na dada zake. Tunakumbushwa na hadithi sahihi kwamba anayechukua ardhi kwa dhulma, ijapokuwa shibiri moja, atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Mshika hazina akageuza bahasha yake upande wa pili. Ekari 3.5 kwa bei ile ile ni shilingi 700,000. Hazina ina 864,000. Ushuru wa stempu ni 14,000, na kinachobaki, shilingi 150,000, ni cha wakili, mpima ardhi na mwanzo wa ua. Hapana haja ya mkopo wa simu, wala bangili ya mtu kwenda sokoni. Lile pengo lililowanyima usingizi lilikuwa ni bei ya haki ya watu wengine.

Arbuni haikutolewa. Isitoshe, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi hawaikubali arbuni inayoliwa mauzo yakivunjika. Waliafikiana kwamba familia iende kwa Kadhi kufungua mirathi, shamba likatwe, kila mmoja apate hati yake, kisha kijana auze fungu lake kwa hiari mbele ya mama yake. Bibi kizee aliomba jambo moja, nalo likakubaliwa: mwembe anaokalia ubaki upande wake. Huenda shughuli hiyo ikachukua miezi mingi. Katika miezi hiyo akiba ya kikundi itaongezeka kwa shilingi 24,000 kila mwezi. Mwenye subira hulipwa hata katika hesabu.

Tukamshauri kijana aandike majina ya wote wanaomdai na viasi vyao, awaendee mmoja mmoja, awaombe muhula, aanze na deni linalokua upesi, wala asikope tena kulipa. Aya ya 280 ya sura ile ile inamtaka mdai amngojee mdaiwa aliye katika dhiki. Lakini mdaiwa naye asijifiche, kwani deni si jambo jepesi: Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia Masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi msomaji mpenzi, ukiona bango la shamba kando ya njia, lipa kwanza unachodaiwa, kisha tembea juu ya udongo wenyewe kwa miguu yako, pekua jina katika daftari, na uulize ni mwanamke gani anayelima pale. Mwenyezi Mungu aturuzuku ardhi ya halali, atuepushe na deni linalolemea, na ajaalie kila fungu limfikie mwenyewe. Amin.