Mbulumbulu: sweta asubuhi, jua la utosi mchana

Gari linalotoka Mto wa Mbu kwenda Karatu huanza kuunguruma kwenye kona za ukingo wa Bonde la Ufa, na abiria aliyekuwa akijipepea huanza kufunga kioo. Chini linabaki Ziwa Manyara, karibu mita 960 kutoka usawa wa bahari, pamoja na mashamba ya migomba. Upande wa Rhotia, barabara ya vumbi huchepuka kuelekea kaskazini hadi Kambi ya Simba, Kitete na Lositete. Hii ndiyo Mbulumbulu, nchi ya ngano, mahindi, maharage na mbaazi. Upande mmoja ni ukingo wa bonde, upande mwingine msitu wa Hifadhi ya Ngorongoro.

Ni nchi ya baridi. Ukungu wa Juni na Julai huwafanya watoto wajue sweta kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana joto la Januari na Februari halipewi uzito mkubwa. Redio ikitangaza joto kali, mtu wa huku huwafikiria watu wa Dar es Salaam, au ndugu zake waliohamia Mang'ola kulima vitunguu karibu na Ziwa Eyasi. Mang'ola nayo iko wilaya hiihii ya Karatu.

Hapo ndipo utabiri unapoweza kumchanganya mzazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu kwa kanda, na mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro huwekwa kapu moja: nyanda za juu kaskazini mashariki. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo taarifa moja inamhusu kijana anayemwagilia vitunguu Mang'ola na bibi aliyejifunga shuka Lositete. Taarifa ikisema joto litakuwa "juu ya wastani", haina maana wote wawili watapata joto sawa. Ina maana kila mahali patazidi kawaida yake, na kawaida ya Mbulumbulu ni baridi.

Kipindi chenyewe ni kaskazi, kati ya kuisha kwa vuli mwezi Desemba na kuanza kwa masika mwezi Machi. Vuli ikiwa hafifu, udongo hukauka mapema, mawingu hupungua, na joto hujivuta wiki baada ya wiki. Katikati ya Machi jua hupita juu kabisa ya Mbulumbulu, kama lilivyofanya mwanzoni mwa Oktoba. Masika yakichelewa, jua hilo la utosi huwaka bila wingu la kulizuia.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliutaja mwaka 2024 kuwa wenye joto kuliko yote katika kumbukumbu, nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Machi mwaka huohuo Sudan Kusini ilifunga shule zake kwa kutarajia joto la hadi nyuzi 45. Mbulumbulu haikaribii huko, wala mzazi asitishike kwa hesabu hiyo. Cha kuangalia ni nyumba na nguo.

Wairaqw wa zamani walijenga tembe, nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko na kuezekwa kwa udongo. Ndani yake jua la mchana lilifika limechoka. Leo paa ni bati, na ni haki yake, maana halivuji na huvuna maji ya mvua. Lakini bati lisilo na dari hugeuza chumba kuwa tanuri ifikapo saa saba mchana, na mara nyingi humo ndimo mtoto mchanga hulazwa "asipigwe na upepo". Kivuli cha mti ni salama kuliko chumba hicho.

Nguo nazo hufuata asubuhi. Mwanafunzi hutoka nyumbani kukiwa na baridi, akavaa sweta, akarudi nalo mwilini jua likiwa kichwani. Mtoto wa mgongoni hufungwa khanga juu ya blanketi, na kofia ya sufu juu yake. Yeye hawezi kuomba maji wala kujivua. Mguse kifua au shingo, si mikono, na kama kuna jasho, punguza nguo.

Kuhusu maji, kosa kubwa hufanywa kwa mapenzi. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi maji hata joto likizidi. Hunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama ndiye anayekunywa maji ya kutosha. Baada ya miezi sita apewe maji safi na salama mara kwa mara, bila kusubiri alie kiu.

Mtoto akikojoa mara chache, akalia bila machozi, mdomo ukakauka au utosi ukabonyea, anapungukiwa maji. Aanze kunyonyeshwa au kupewa ORS huku safari ya kituo cha afya ikiandaliwa. Akilegea, akachanganyikiwa au akapata degedege, mvue nguo za ziada, mpoze kwa kitambaa chenye maji na umpepee, bila kuchelewa njiani. Na mtoto mwenye mwili wa moto asihukumiwe kuwa "ni jua tu". Apimwe malaria. Mto wa Mbu hauko mbali, na watu hupanda na kushuka kila siku.

TMA hutoa pia taarifa za kila siku na za siku kumi. Mzazi atazame kiwango cha chini cha joto, si cha juu peke yake. Usiku wa baridi ndio unaoupumzisha mwili, na Mbulumbulu bado ina bahati hiyo.

Saa kumi jioni upepo huanza tena ukingoni. Watoto hupita na ndoo zao, sweta zimefungwa viunoni. Ikifika saa mbili usiku zitavaliwa tena.