Tulichojifunza na Kamera Njiani Kagongwa



Mwezi wa saba mwaka jana tulikuwa mafrateri wanne likizoni. Mzee mmoja katekista alitualika tumsindikize kwa miguu kutoka Kagongwa hadi kwenye kigango chake. Tuliiacha barabara kuu ya Isaka–Kahama na malori yake, tukapita mashine za kukobolea mpunga, kisha tukaingia kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Mzee alitangulia na fimbo yake. Sisi tulifuata, simu mkononi, tukipiga picha kila kitu huku tunatembea.

Njiani alituonyesha ngitili, eneo ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, na mifugo ipate malisho kiangazi. Alitueleza jinsi miti ya Shinyanga ilivyokatwa miaka ya nyuma kwa ajili ya kuondoa mbung'o na kulima pamba, hadi Serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 na watu wakazifufua ngitili zao. Akatugeukia akicheka, akasema, "Mafrateri, ardhi nayo inahitaji mapumziko." Tukampiga picha.

Mwezi wa kumi mzee wetu aliitwa na Bwana. Binti yake akatupigia simu: "Frateri, baba alituambia mlimpiga picha. Tunaomba moja ya kuweka mbele ya jeneza."

Usiku ule tulizipitia picha zote, zaidi ya arobaini. Katika moja alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti chini ya mbuyu. Katika nyingine mgunga ulionekana kama umeota kichwani mwake. Nyingi zilipigwa saa sita mchana, na kofia ilikuwa imeyafunika macho yake kwa kivuli. Ile aliyokuwa akicheka ndiyo iliyotuuma zaidi: nyasi zilizokuwa mbele yake zilionekana unyasi mmoja mmoja, lakini uso ulikuwa ukungu. Familia ikakuza picha ya kitambulisho cha mpiga kura, ambayo hacheki.

Hatukutaka jambo hilo lipite bure. Likizo ya Noeli tulirudi kwenye njia ile ile, safari hii tukiwa tumejifunza kwa wenye ujuzi. Tunawashirikisha machache.

Kwanza, simama. Picha inayopigwa huku miguu inatembea hutikisika. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi taratibu, ndipo ubonyeze. Kabla ya hapo futa lenzi kwa kitambaa laini. Vumbi la njiani peke yake linatosha kuleta ukungu.

Pili, iambie kamera unatazama nini. Simu haimjui mzee wala nyasi. Mara nyingi hushika kilicho karibu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo. Katika simu nyingi ukishikilia kidole kidogo, hujifunga hapo na haihami. Nyasi zikiwa katikati, sogea hatua mbili pembeni.

Tatu, usivute kwa vidole. Ukivuta, mara nyingi unapoteza ubora wa picha. Mkaribie mtu kwa miguu, naye akiwa ameridhia.

Nne, washa mistari inayogawa kioo mara tatu kwa urefu na kwa upana. Upeo wa macho ulale kwenye mstari mmojawapo, na mtu au mti usimame pale mistari inapokutana. Kisha tazama pembe nne na nyuma yake: kuna tawi kichwani? Kuna mkono uliokatwa?

Tano, amka mapema. Jua likiwa chini asubuhi, au kabla ya magharibi, mwanga hutoka ubavuni na kuonyesha magome, mawe na mikunjo ya uso. Ikibidi kupiga mchana, mpeleke mtu kivulini.

Siku ile ya Desemba majaruba yalikuwa na maji na yangeyange walikuwa wakitafuta chakula. Kwa saa tatu tulipiga picha kumi na moja tu. Tulikaa muda mrefu mbele ya mbuyu ule, na wakati huo ndipo tulipoona gome lake limelainika upande mmoja. Mwezi wa saba tuliupita tukiupiga picha, bila kuutazama. Tulikiri wenyewe kwa wenyewe kwamba hata kapelani hutokea tukapita hivyo hivyo: midomo inasali zaburi, macho yako kwingine.

Tulisafisha picha ya mbuyu Kahama, tukampelekea mjane. Aliishika kwa mikono miwili, akaweka kidole pale gome lilipolainika.

"Hapa ndipo alipokuwa akiegemea," alisema, "kila akienda kufundisha."