KULEA WAVULANA WANNE

Mhariri wa fungu la Kiswahili katika gazeti hili ameomba wazazi nao waandike, wala si walimu na wanafunzi peke yao. Kwa kuwa mwanangu wa kwanza yumo shuleni humu, na baba yake alisoma humu kabla yake, nimeona yafaa nami nitie neno langu. Sitaandika habari za siasa wala za safari za mbali, kwa maana sina. Habari niliyo nayo ni ya nyumba yangu: jinsi mwanamke wa Karambi anavyolea wavulana wanne, furaha anazopata na taabu anazoziona. Ninyi mnaosoma sasa mtajiona humo, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni mkawa baba za watu, huenda mkawakumbuka mama zenu.

Kwanza niwajulishe mahali, kwa ajili ya wasomaji wasiokujua kwetu. Karambi ni sehemu ya Wilaya ya Kasese, jirani na Bwera, magharibi kabisa ya Uganda. Juu yetu imesimama milima ya Rwenzori, na chini wapita mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka wetu na Kongo. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, na ng'ambo hii ni Mpondwe, penye soko kubwa siku ya Jumanne na siku ya Ijumaa. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, na lugha zao za nyumbani ni karibu moja. Lakini katika biashara, ambako Waganda, Wakonzo, Wanande na wageni wengine huchanganyika, Kiswahili ndicho hutupatanisha. Mimi huuza maharagwe sokoni hapo, na Kiswahili changu nilikipata kwanza hapo kabla sijakisoma katika vitabu.

Kwetu Wakonzo jina la mtoto ni kama hesabu. Mvulana wa kwanza huitwa Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na wa nne Kule. Basi jirani akisikia nawaita wanangu jioni, ajua kwa hakika nimezaa wavulana wangapi na ni yupi amechelewa kurudi. Shida yake ni moja tu: nikisimama sokoni nikaita, "Bwambale!" hugeuka wavulana kumi, na wangu simwoni kati yao.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto wa kiume hujilea mwenyewe. Ukimpa chakula na kumfungulia mlango, imetosha. Hasha! Mvulana mmoja ni mtoto. Wavulana wawili ni vita. Wavulana wanne ni mkutano wa hadhara usio na mwenyekiti. Asubuhi wagombania maji ya kunawa, ijapokuwa hakuna hata mmoja apendaye kunawa. Mchana wacheza mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba, na mpira huo haukosi kuangukia katika kahawa niliyoianika. Jioni sufuria ya ugali wa muhogo, ambao sisi twauita obundu, huwekwa chini imejaa, na kabla sijakaa vizuri naona chini ya sufuria kunang'aa.

Lakini ziko furaha ambazo singezibadili kwa mali. Masereka alipokuwa na miaka minne aliniuliza chumvi yatoka wapi. Nikamwambia yatoka Katwe, watu huivuna ziwani. Yeye alishika neno lile moja, "huivuna." Kesho yake nikatafuta chumvi jikoni nisiione. Kumbe amekwisha kuipanda nyuma ya nyumba, amefanya matuta mawili mazuri, na kila siku ayamwagilia maji. Nilipomwuliza, alinijibu kwa utaratibu kama mkulima mzee, "Mama, ngoja mvua." Nilicheka hata machozi yakanitoka, na matuta yale sikuyavunja. Mvua ilikuja, chumvi haikuota, naye akasema mbegu ile ilikuwa mbovu.

Sasa nieleze taabu, nazo si za kupigiwa chuku. Mwaka 2018 maradhi ya Ebola yalizuka ng'ambo, katika nchi za Beni na Butembo, na sisi tukaishi na hofu mlangoni. Mpakani watu walinawishwa mikono na kupimwa joto la mwili. Mwezi wa Juni 2019 yakavuka. Mtoto wa kiume wa miaka mitano, aliyetoka Kongo pamoja na jamaa zake, alionekana ana maradhi hayo katika hospitali ya Kagando, akapelekwa Bwera, akafa. Bibi yake na mdogo wake wa miaka mitatu nao wakafa. Bwambale wangu wakati ule alikuwa na miaka mitano vilevile. Tuliambiwa tusipeane mikono, na mikutano na siku za soko zikasimamishwa kwa muda. Mkubwa huweza kufahamu amri kama hiyo. Lakini utamwelezaje mtoto wa miaka mitano asimkimbilie shangazi yake kumkumbatia? Nilifanya iwe mchezo. Kila ajaye alisalimiwa kwa kupigiwa saluti kama askari, na mwenye saluti nzuri kupita wenzake alipata ndizi. Hata leo Bwambale hupiga saluti akimwona shangazi, naye shangazi humrudishia.

Hatujapumua vizuri, ikaja korona. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa. Madarasa mengine yalifunguliwa kidogo kidogo mwaka 2021, kisha yakafungwa tena, na watoto wote hawakurudi mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili! Mume wangu ni fundi wa ujenzi, na kazi humweka mbali siku nyingi. Basi nikawa mama, mwalimu, na polisi wa nyumba. Serikali iliweka masomo katika redio na kutoa karatasi zilizopigwa chapa, lakini redio haiwezi kumwona mtoto aliyelala.

Hatari haikuwa ujinga tu. Mpaka ulifungwa kwa watu, magari ya mizigo tu yakipita, na hapo njia za panya zikapata kazi nyingi. Wavulana wadogo waliitwa kubeba mizigo na kuvuka nayo mto Lhubiriha, wakalipwa fedha kidogo. Mto ule ni wa milimani. Mvua ikinyesha juu, hujaa upesi kabla ya mtu kutazama. Mumbere wangu alikuwa na miaka minane. Siku moja aliniambia, "Mama, wenzangu wana fedha, mimi nina daftari." Neno hilo lilinichoma. Kumkataza peke yake hakufai, kwa maana mvulana ukimfungia mlango hutafuta dirisha. Nikamwambia, "Vema, nawe utafanya kazi ya fedha. Tangu leo wewe ni karani wangu."

Nikampa daftari lile lile. Aliandika maharagwe niliyonunua kwa debe, vikombe nilivyouza, deni la kila mtu, na faida iliyobaki. Jumamosi alinisomea hesabu mbele ya wadogo zake, na karani alilipwa. Hivyo alijifunza kugawanya na kuzidisha, tena alijifunza jambo jingine ambalo sikumfundisha: alijua kikombe kimoja cha maharagwe kina taabu kiasi gani ndani yake. Tangu siku hiyo sikumsikia akisifu tena fedha za mtoni. Bwambale naye aliandika herufi kwa makaa juu ya ukuta wa jiko, na ukuta ule sikuupaka udongo mpya mpaka alipoweza kusoma.

Katika miaka hiyo nilianza jambo lililoleta maneno. Niliwaingiza wavulana jikoni. Kwetu, kama katika nchi nyingi, mvulana akipata akili hutoka jikoni akaenda kwa baba yake. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, aliwakuta Mumbere anatwanga sombe, ndiyo majani ya muhogo, na Bwambale anapuliza moto. Akasimama mlangoni akasema, "Mke wa mwanangu, wataka kuniletea wajukuu wa kike?" Nikapiga magoti nikamjibu, "Mama, Mungu hakunipa binti. Je, nikiugua, watu hawa watakula mawe?" Hakujibu, akaenda zake, na kwa wiki nzima hakuja kwangu.

Mwaka 2021 Kule akazaliwa. Nilirudi nyumbani sina nguvu, na mume wangu alikuwa kazini mbali. Mumbere na Bwambale wakashika jiko. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu aliletewa maji ya kunawa, kisha obundu na sombe. Akala, akanyamaza, akala tena. Mwisho akauliza, "Ni jirani yupi aliyepika?" Bwambale akapiga saluti. Tangu siku hiyo bibi ndiye huwafundisha kupika maharagwe kwa moto mdogo, na akisikia mtu awacheka, humjibu mwenyewe.

Nakuja katika jambo zito kuliko yote. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, huko Mpondwe, karibu kabisa na mpaka. Walichoma bweni la wavulana. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi, wengine walichukuliwa. Hamhitaji mimi niwaeleze zaidi, na mama waliofiwa wana haki tusiyageuze machozi yao kuwa hadithi. Nitasema tu yaliyokuwa nyumbani kwangu. Kwa siku nyingi wanangu wanne walilala chumba kimoja, nami nikatandika mkeka wangu mlangoni. Mumbere alikuwa na miaka kumi na mmoja, na shule ya sekondari ilikuwa yaja. Usiku mmoja akaniuliza gizani, "Mama, nikimaliza darasa la saba, utaniacha niende bwenini?" Nilimwambia alale. Sikuwa na jibu.

Moyo wangu ulitaka kumweka nyumbani. Awe karani wangu, auze maharagwe, nimwone kila jioni. Ni mama gani asiyetaka hivyo? Nilipomweleza mama mkwe, nilidhani ataniunga mkono. Yeye ameona mengi. Mwaka 1996, mwezi wa Novemba, waasi hao hao walipoishambulia Mpondwe, alikimbia na watoto, na mume wangu alikuwa mvulana wa miaka kumi. Akanisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Baada ya vita ile nilimrudisha baba yake shuleni, na kila usiku sikulala. Ningalimficha chini ya kitanda, angalikuwa hai, lakini ungaliolewa na nani? Na mtu wa chini ya kitanda?" Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Hofu ni yetu sisi mama. Tuibebe wenyewe, tusiwatwike watoto."

Maneno hayo hayakuniondolea hofu, lakini yalinionyesha mahali pa kuiweka. Mimi na mume wangu tulikwenda kutazama shule kwa macho yetu: ua, lango, walinzi, milango ya mabweni yafungukaje. Tuliuliza maswali mengi hata nadhani tulichosha watu. Ndipo Mumbere akaja humu. Siku ile alibeba sanduku lake mwenyewe, akawapigia wadogo zake saluti, akaingia. Mimi nilirudi Karambi nikaona sufuria ya ugali imebaki na chakula ndani yake, na jambo hilo dogo ndilo lililoniliza.

Basi, wanangu wasomaji, wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sipendi muuchukue uchungu huo, nanyi mna masomo yenu. Nataka mambo matatu tu. Mkiwa likizoni, ingieni jikoni. Mikono iliyoshika kalamu haiharibiki kwa kushika mwiko. Mkipewa fedha za matumizi, kumbukeni kuna kikombe cha maharagwe nyuma ya kila shilingi. Na mkifika nyumbani, waambieni mama zenu habari za shule bila ya kuulizwa, hata kama ni habari za uji na viatu, kwa maana kwetu hizo ni habari kubwa. Nanyi mliokwisha kutoka, ambao sasa mna wavulana wenu, msiwaachie wake zenu mkutano ule peke yao. Rudini mapema siku moja katika wiki, mkae uenyekiti, mwone.

Mwaka huu Kule ameanza kuuliza mambo yake. Juzi alitaka kujua kama mto hulala usiku. Nimemwambia aandike swali lake, kaka yake akija likizo atamjibu.

Mama wa wavulana wanne,
Karambi